Kuzuia damu kuvuja kwenye ubongo wa mtoto njiti: mwongozo kwa wakunga, wauguzi na madaktari wa Bukavu

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au mwenye uzito chini ya gramu 1,500, anaweza kuvuja damu ubongoni bila kuanguka wala kugongwa popote. Kando ya vyumba vya maji vya ubongo, yaani ventrikali, kuna kitalu cha seli changa kinacholishwa na mishipa ya damu yenye kuta dhaifu sana. Kitalu hicho husinyaa chenyewe mimba inapofika wiki 34 hadi 36. Anayezaliwa kabla ya hapo huja duniani akiwa bado nacho.

Mtoto aliyekomaa ana ulinzi: shinikizo la damu likipanda, mishipa ya ubongo hujibana, likishuka, hujipanua. Kwa njiti ulinzi huo bado haujakamilika, kwa hiyo kila mshtuko wa mwili hufika ubongoni. Serumu (maji ya mshipani) iliyosukumwa kwa pupa, ambu (mfuko wa kumpulizia hewa) iliyobonyezwa mbiombio, baridi, shingo iliyopinda, kilio kirefu cha kutafutwa mshipa: yote haya hupandisha au kushusha damu ghafla. Visa vingi vya kuvuja hutokea ndani ya saa 72 za kwanza, na karibu nusu ya visa hutokea siku ya kwanza. Ikishavuja, hakuna dawa ya kuirudisha.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla ya mtoto kuzaliwa na kukazia siku tatu za mwanzo. Mengi yaliyomo hayahitaji mashine. Yanahitaji watu wa zamu zote kufanya jambo moja kwa namna moja, hata saa nane za usiku umeme wa shirika la SNEL ukiwa umekatika. Dozi zilizotajwa zilinganishwe na itifaki ya hospitali yenu, na daktari wa zamu azithibitishe.

Kabla mtoto hajazaliwa

Gari bora la kumsafirisha njiti ni tumbo la mama yake. Mtoto anayezaliwa Walungu, Kabare au Idjwi kisha akaletwa mjini kwa pikipiki, kwa gari kwenye barabara ya mashimo au kwa mtumbwi, hufika amepoa, ametikiswa, na mara nyingi sukari imeshuka. Mkunga wa kituo cha afya akimpokea mama mwenye uchungu wa kweli kabla ya wiki 34, au chupa ya uzazi imepasuka mapema, apige simu hospitali ya rufaa papo hapo, aanze dawa, ampeleke mama akiwa bado na mimba. Lakini njia ikiwa imekatwa na mvua au usalama ni mdogo, na uchungu umeshika kasi, ni afadhali azalie kituoni akiwa na watu wenye mikono iliyoandaliwa kuliko kuzalia njiani.

Dawa ya kwanza ni kortikosteroidi kwa mama. Hukomaza mapafu ya mtoto, na hupunguza damu ya ubongoni kwa kiwango ambacho hakuna dawa nyingine tunayompa mtoto baadaye hukifikia. Deksamethasoni ni miligramu 6 ndani ya msuli kila saa 12, mara nne. Betamethasoni ni miligramu 12 kila saa 24, mara mbili. Kosa la kawaida liko kwenye ampuli: nyingi ni miligramu 4 kwa mililita 1, na mtu mwenye haraka hutoa ampuli moja akidhani ametoa dozi. Miligramu 6 ni mililita 1.5, yaani ampuli moja na nusu. Kosa lingine ni kumnyima mama dozi ya kwanza kwa kusema "atazaa usiku huu, haitasaidia." Mpe. Hata dozi isiyokamilika ni bora kuliko kukosa kabisa.

Shirika la Afya Duniani linaweka masharti, na ni ya haki: mimba iwe kati ya wiki 24 na 34, umri wake uwe umekadiriwa vizuri, uwezekano wa kuzaa ndani ya siku 7 uwe mkubwa, mama asiwe na dalili za maambukizi ya kizazi, na kuwe na mahali pa kumhudumia mama na mtoto ipasavyo. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa 2020, uliofanyika Bangladeshi, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, ulionyesha kuwa deksamethasoni ikitolewa kwa masharti hayo hupunguza vifo vya watoto. Kwa umri wa mimba, mama wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Muulize kwa matukio: Pasaka, kufunguliwa kwa shule, msimu wa kupanda maharage. Kisha linganisha na ekografia (ultrasaundi) ya mapema kama ipo, na kimo cha mfuko wa uzazi.

Mimba ikiwa chini ya wiki 32 na kuzaa kukiwa karibu, ongeza magnesiamu salfeti kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Haizibi mishipa, ila hupunguza hatari ya kupooza kwa ubongo baadaye. Dozi ni gramu 4 ndani ya mshipa kwa dakika 20, kisha gramu 1 kwa saa hadi azae, isizidi saa 24. Ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Chukua mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20. Soma ampuli kabla ya kuvuta dawa, kwa maana zipo pia za asilimia ndogo zaidi. Kila saa angalia goti linaruka likigongwa, mama anavuta pumzi zaidi ya 16 kwa dakika, na mkojo hauko chini ya mililita 30 kwa saa. Kalisiamu glukonati gramu 1 iwe mezani, si famasi.

Nifedipine inaweza kutuliza uchungu kwa siku mbili ili steroidi ifanye kazi au mama asafirishwe, maadamu havuji damu na hana maambukizi. Ukiitoa pamoja na magnesiamu, pima shinikizo la mama mara kwa mara. Chupa ikiwa imepasuka bila uchungu, erithromaisini miligramu 250 kila saa 6 kwa siku 10. Upasuaji usifanywe kwa sababu tu mtoto ni njiti. Vakumu isitumike kabisa chini ya wiki 34.

Dakika ya kwanza

Andaa kabla mama hajaanza kusukuma. Chumba kiwe na joto la nyuzi 25 au zaidi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa mvua chumba cha kuzalishia huwa baridi kuliko kinavyohisiwa na mkunga aliyevaa koti na anayefanya kazi. Funga madirisha, washa hita nusu saa kabla, weka kipimajoto cha ukutani.

Mezani viwepo: mfuko safi wa plastiki mwangavu unaomtosha mtoto hadi shingoni, kofia mbili, nguo kavu zilizopashwa joto, ambu ya watoto wachanga yenye mililita 240 hivi, barakoa namba 0 na 00, oksimita (kipima oksijeni ya damu) yenye kishikio kidogo, vibanio vya kitovu, saa yenye mshale wa sekunde. Ambu ya mtu mzima iondolewe chumbani kabisa. Kwenye hofu mtu hushika iliyo karibu.

Mtoto akitoka, fuata mpangilio huu:

1. Mpokee akiwa usawa wa uke wa mama au chini kidogo, umwingize kwenye mfuko bila kumkausha mwili, kichwa kibaki nje. Kausha kichwa tu, mvike kofia.

2. Anayeshika saa aseme kwa sauti: "Sekunde 30... 45... 60." Kitovu kisikatwe kabla ya sekunde 60. Damu inayoingia polepole kutoka kwenye kondo hujaza moyo wa mtoto na kutuliza shinikizo lake. Mama anaweza kupewa oksitosini yake kama kawaida.

3. Asipopumua, sugua mgongo taratibu juu ya plastiki kwa sekunde 10 hadi 15. Akiendelea kukaa kimya, bana, kata, anza ambu. Mama akivuja damu nyingi au kondo likiwa limeachia, usisubiri.

4. Usikamue kitovu kwa vidole kuelekea kwa mtoto. Desturi hii imeenea kwa nia njema, na kwa mtoto wa chini ya wiki 28 ni ya hatari. Utafiti uliochapishwa 2019 ulisimamishwa kwa kundi hilo kwa sababu waliokamuliwa kitovu walipata damu nyingi ubongoni kwa asilimia 22, dhidi ya asilimia 6 kwa waliosubiriwa. Mkono hupeleka ujazo mzima kwa sekunde chache, na mishipa ya kitalu haiwezi kuuhimili.

Ambu ndiyo sehemu ambayo watu wema hufanya madhara makubwa kuliko zote, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mtoto akiwa bluu, mkono wa anayebonyeza huenda mbio bila yeye kujua. Pumzi zikizidi 60 kwa dakika, kabonidayoksaidi huoshwa kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana, na damu hupungua. Kisha mkono ukipumzika, gesi hupanda, mishipa hufunguka, damu hurudi kwa kishindo. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopasua. Bonyeza kwa vidole viwili au vitatu, si kiganja, huku ukisema kwa sauti: "Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu." Hapo utapata pumzi 40 hadi 60. Kifua kiinuke kidogo tu. Kikipanda kama cha mtoto anayelia kwa nguvu, umezidisha. Kama ambu ina kipimo, anza na sentimita 20 hadi 25 za maji. Anza na hewa ya kawaida au oksijeni isiyozidi asilimia 30, kisha fuata oksimita iliyofungwa mkono wa kulia. Kabla ya kuongeza nguvu, rekebisha barakoa na shingo: mara nyingi shida ni hewa kuvuja shavuni.

Usinyonye ute kwa mazoea. Kama kitu kinaziba njia, nyonya mdomo kwanza, chini ya sekunde 10, bila kusukuma mrija hadi kooni.

Bikaboneti isitolewe kwa mtoto aliyezaliwa amechoka, yaani aliyekosa hewa. Wala sukari ya asilimia 30 au 50 isisukumwe kwenye mshipa wake: huvuta maji na kutanua ujazo wa damu kwa ghafla.

Saa ya kwanza wodini

Pima joto mara mtoto anapoingia na uliandike. Lengo ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Aliyepoa apashwe joto taratibu, akiangaliwa kila dakika 15 hadi 30. Kumchemsha ni kosa vilevile.

Vitamini K hupewa msulini, miligramu 0.4 kwa kila kilo, isizidi 1. Ampuli nyingi zina miligramu 10 kwa mililita 1, kwa hiyo mtoto wa kilo 1 anahitaji mililita 0.04. Bomba la kawaida haliwezi kupima hicho. Tumia sindano ya insulini ya yuniti 100, vuta hadi yuniti ya 4. Vitamini K huzuia kuvuja damu kwa upungufu wake, na haichukui nafasi ya hatua nyingine zilizomo humu.

Pumzi: mtoto anayepumua mwenyewe lakini anavuta mbavu apewe mapema CPAP ya mapovu, yaani hewa yenye mkandamizo wa kudumu kupitia puani, sentimita 5 hadi 6, yaani ncha ya mrija izame sentimita hizo ndani ya maji ya chupa. Mapovu yakikoma, hewa inavuja: angalia vipuli vya puani vinatosha, mdomo umefungwa, viungio vimekaza. Kofia inayoshikilia mirija isibane fuvu. Ukivua kofia ukaona alama ya utepe imebaki kichwani, ilikuwa inabana, na mfupa wa njiti hupeleka mkandamizo huo ndani.

Konsantreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa oksijeni karibu safi, na nyingi mno huharibu macho. Kama mna chanzo cha hewa ya kawaida, changanya. Kwa jumla ya lita 6 kwa dakika: oksijeni lita 1 na hewa 5 hutoa asilimia 34 hivi, oksijeni 2 na hewa 4, asilimia 47, oksijeni 3 na hewa 3, asilimia 60. Akiwa kwenye oksijeni, lengo kwenye oksimita ni asilimia 90 hadi 95. Mwinuko wa Bukavu huweza kumfanya ahitaji oksijeni kidogo zaidi kuliko mtoto wa pwani, lakini lengo halibadiliki. Akisoma 99, punguza. Mtungi uliojaa, wenye ufunguo umefungwa kwa kamba shingoni mwake, uwe kando ya konsantreta: umeme ukikatika CPAP husimama hapohapo, na dakika tano za kutafuta ufunguo ni dakika tano za mtoto kukosa hewa.

Kafeini sitrati miligramu 20 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 5 hadi 10 kwa siku, humzuia kusahau kupumua. Kila mara anaposahau, oksijeni na mapigo huanguka na ubongo huyumba nao. Mahali pasipo na kafeini, aminofilini miligramu 6 kwa kilo kwa dakika 30, kisha 2.5 kila saa 12. Ina sumu karibu na dozi yake ya tiba; mapigo yakipita 180, ruka dozi na umwite daktari.

Maji na sukari: anza mililita 80 kwa kilo kwa siku ya sukari ya asilimia 10. Kama hamna iliyo tayari, changanya mililita 80 za asilimia 5 na mililita 20 za asilimia 30. Au 89 za asilimia 5 na 11 za asilimia 50. Andika kwenye chupa nani amechanganya na saa ngapi. Sukari ikiwa chini ya miligramu 45 kwa desilita, mpe mililita 2 kwa kilo za asilimia 10 kwa dakika 5, ukiangalia saa.

Serumu ya chumvi ya kusukuma ihifadhiwe kwa mtoto aliyepoteza damu kweli, au mwenye miguu baridi, ngozi inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi na mapigo ya kasi kwa pamoja. Hapo ni mililita 10 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Namba ya shinikizo peke yake si sababu. Mtoto wa wiki 28 mwenye wastani wa shinikizo wa 28, anayekojoa na mwenye rangi nzuri, mwache. Damu ya kuongezewa nayo ipite kwa saa 3 hadi 4.

Saa 72 za utulivu

Bandika karatasi juu ya kuvezi (kitanda cha joto cha njiti): saa aliyozaliwa na saa ambayo saa 72 zitaisha. Kila anayekaribia, awe profesa au mwanafunzi, aisome.

Kichwa kibaki katikati, pua ikitazama juu, kitanda kikiinuliwa nyuzi 15 hadi 30. Shingo ikigeuzwa upande, mshipa mkubwa wa shingo hubanwa na damu hukwama ubongoni. Ushahidi wa hatua hii si mzito kama wa steroidi, lakini haina gharama, na tunaipendekeza. Kunja nguo ndogo mbili, weka kila upande wa kichwa, na moja nyembamba chini ya mabega. Ukimgeuza, geuza kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja.

Nepi: usiinue miguu. Miguu ikipanda juu ya tumbo, damu hukimbilia kichwani. Mlaze ubavu kidogo, teleza nepi chini, mrudishe.

Kazi zikusanywe kila saa 4 hadi 6. Muuguzi na daktari wakubaliane saa moja ya kumfungulia: joto, nepi, sonda (mrija wa tumboni), kumsikiliza kifua, kuchukua damu, yote mara moja. Mapigo na oksijeni visomwe kwenye mashine bila kumgusa. Oksijeni ikishuka chini ya 85 au mapigo chini ya 100, simama, mshike kwa utulivu, ngoja arudi, ndipo uendelee. Kazi isiyoisha kwa dakika 20 ihamie awamu ijayo. Uzito wa kila siku usubiri. Dozi zikokotolewe kwa uzito wa kuzaliwa. Kuoga kusubiri pia.

Kila kazi ya maumivu ifanywe na watu wawili, na wa pili anaweza kuwa mama. Mwambie: "Mama, nawa mikono, weka mkono mmoja kichwani pake na mwingine kwenye nyayo, umkunje alivyokuwa tumboni." Usimpapase, mkono utulie tu. Matone mawili ya maziwa yake ya kwanza kwenye ulimi kabla ya sindano hupunguza kilio. Mtu mmoja ajaribu mshipa mara mbili, kisha amwachie mwenzake mwenye uzoefu. Mshipa wa kitovu ukipatikana mapema huokoa sindano nyingi, ila dawa zisukumwe polepole, na mililita 1 ya damu ivutwe kwa sekunde 30 au zaidi.

Kelele hupuuzwa sana. Chupa ikiwekwa kwa nguvu juu ya kuvezi, ndani husikika kama kishindo. Mlango wa kuvezi usukumwe kwa kidole, ukibofya taratibu. Kengele za mashine zijibiwe upesi. Funika kuvezi kwa kitambaa, uso wa mtoto ukiwa bado unaonekana.

Kangaruu katikati ya utulivu

Hapa wauguzi hubishana: kama hatugusi, tunamwekaje mtoto kifuani? Utafiti wa nchi tano uliotolewa 2021, Tanzania na Malawi zikiwemo, ulionyesha kuwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 walioanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 12, wakati waliongoja hali itulie walikufa kwa asilimia 15.7. Kifua cha mama kinampa joto, usingizi na pumzi tulivu. Kwa hiyo kwa uzito huo, anza mapema, hata akiwa na CPAP.

Kinachodhuru ni uhamisho mbaya na wa mara kwa mara. Mama akae kwenye kiti au kitanda, aegemee nyuma nyuzi 30 hadi 45. Muuguzi mmoja abebe mtoto, kichwa na mwili katika mstari mmoja. Wa pili abebe mirija. Akishafika kifuani, kichwa kiinuliwe kidogo, shingo isikunjwe, kitambaa kifungwe hadi chini ya sikio. Akae hapo saa nyingi. Saa moja kisha kurudishwa kuvezi mara sita kwa siku ni kumchosha bure. Aliye chini ya gramu 1,000, au asiyetulia kabisa, daktari aamue kwa mtoto mmoja mmoja. Siku tatu za kwanza mama anaweza kuweka mikono yake ndani ya kuvezi.

Yasiyofaa kuongezwa

Fenobabitali ya kuzuia haizuii. Indomethasini ya siku ya kwanza hupunguza damu nyingi ubongoni, lakini utafiti mkubwa wa 2001 haukuona watoto wakiwa na afya bora walipofikisha miezi 18, na figo na utumbo huweza kudhurika. Mahali pasipo na vipimo vya kufuatilia, tunashauri isitolewe.

Kujua kama damu imevuja

Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupauka ghafla, husahau kupumua, hulegea, hukaza mwili, utosi hujaa, hematokriti (kiasi cha seli nyekundu za damu) huanguka bila damu kuonekana nje. Pima sukari kwanza. Chunguza pia hewa kuvuja nje ya pafu, hasa kama mtoto wa CPAP amebadilika ghafla: zima taa, weka tochi isiyopata joto kifuani; upande unaong'aa kupita kiasi ndio wenye hewa. Degedege litibiwe kwa fenobabitali miligramu 20 kwa kilo kwa dakika 20, ambu ikiwa karibu.

Ekografia ya utosi ifanywe kwa kila mtoto wa chini ya wiki 32: siku ya 3, siku ya 7, na karibu na siku ya 28. Mashine iletwe kwa mtoto. Asipelekwe yeye korido hadi chumba cha picha. Jeli ipashwe joto, kichwa kisikandamizwe, dakika kumi zitoshe. Matokeo yaandikwe kwa daraja: la kwanza, damu iko kitaluni tu, la pili, imeingia ventrikali bila kuitanua, la tatu, ventrikali imetanuka, la nne, nyama ya ubongo yenyewe imeathirika.

Wazazi waambiwe siku hiyohiyo, wakiwa wameketi, kwa maneno wanayoyajua. Baba na mama wa mtoto wa daraja la kwanza au la pili waelezwe kwamba wengi hukua vizuri. Wa daraja la tatu na la nne waelezwe hatari ya kuchelewa kutembea, kupooza au kichwa kujaa maji, bila kuwahukumia mtoto ambaye bado hajaanza maisha. Mama wengi huuliza kama ni kazi nzito, ugomvi wa nyumbani au uchawi wa jirani. Jibu wazi kwamba ni mishipa isiyokomaa, na kwamba hakuna aliyemtendea.

Mtoto aliyevuja damu apimwe mzingo wa kichwa Jumatatu na Alhamisi, kwa utepe usionyumbuka, juu ya nyusi na sehemu iliyochomoza kisogoni. Ongezeko linalozidi sentimita 2 kwa wiki, mifupa ya fuvu kuachana, kutapika au macho kuelekea chini ni sababu ya kurudia ekografia leo na kumpigia daktari wa upasuaji wa ubongo. Baada ya kuruhusiwa, mzazi apewe tarehe za kurudi zilizoandikwa kwenye karatasi, na namba ya simu ya wodi.

Kuhesabu

Daftari moja litoshe, lenye mistari mitano kwa kila njiti: je, mama alipata steroidi, na dozi ngapi; kitovu kilikatwa sekunde ya ngapi; joto la kuingia wodini; ekografia ya siku ya 3 ilifanyika au la; daraja lililoonekana. Mwisho wa mwezi, wakunga na wauguzi wa watoto wakae meza moja na kulisoma pamoja, kwa sababu nusu ya mistari hiyo huamuliwa upande wa kuzalishia. Joto likiwa chini ya 36.5 kwa wengi, anzeni na hita na mifuko ya plastiki kabla ya kuomba mashine mpya. Na mtoto ambaye hakupigwa ekografia aandikwe "haijulikani". Asihesabiwe miongoni mwa wasio na damu.